Nilienda Kumwombea Mgonjwa, Nikamripoti kwa Kupika Chai

Dada Wanjugu, nakuandikia nikiwa na aibu ya mtu mzima, tena aibu niliyoibuni mwenyewe na kuipigia debe mkutanoni, kwa hivyo nivumilie na unisaidie kabla ya Alhamisi. Mimi ni supavaiza katika shamba moja la maua huku Naivasha, upande wa kupakia, na mwaka huu watu wamekuwa wakikosa kazi kwa ugonjwa hadi tukawa tunaokota vibarua getini asubuhi, vibarua ambao hawajui kupanga waridi kwa urefu, maua yanarudishwa, meneja anafoka, na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikainua mkono nikasema nina dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa kutembelea wagonjwa. Unajua huku kwetu mtu akiugua watu wanaenda kumwona, wanaomba, wanakunywa chai, wanarudi. Basi nikasema kampuni nayo iwe inaenda, kwa upendo kabisa, ila tukishasema amina tufumbue macho tuangalie kama mgonjwa ni mgonjwa kweli. Wakanipigia makofi. Nikaitwa mbunifu. Mke wangu Chepkorir aliponisikia nikijisifu aliuliza tu, "Na huyo mgonjwa ndiye atawapikia?" nikamwambia hajui mambo ya usimamizi.

Mwanzoni watu walijaa kazini na mimi nikawa natembea kama jogoo, kumbe kubaki nyumbani ukiwa mgonjwa kulikuwa kumegeuka shughuli, utafute maziwa na sukari, uazime viti kwa jirani, ufagie, kwa hivyo watu wakaona afadhali waje wakohoe kazini, wakakohoa, wakaambukizana, hadi meza nzima ya wapakiaji ikalala na homa kwa wakati mmoja, na bado mbunifu hakuelewa.

Ndipo zamu ikamfikia Winrose. Kazi yake ni kubeba ndoo za maua zikiwa na maji kutoka chumba cha baridi hadi mezani, kutwa nzima, na mgongo ulipomkamata, nesi wa zahanati yetu akampa ruhusa apumzike. Tukaenda kwake Karagita, mimi, Sitati wa stoo na wenzetu wawili. Tulimkuta amelala kwenye chumba chake cha kupanga. Alipotuona akashika ukuta, akainuka.

"Lala tu, mathe," Sitati akamwambia.

"Nilale wageni wakiniangalia? Mimi nimelelewa Olenguruone, si porini. Supavaiza, kaa hapo kitandani, kiti ni kimoja."

Akawasha jiko, akainua sufuria, mimi nikamtania kwamba waridi zinalia zikimtafuta, akacheka huku ameshika kiuno. Nilikunywa vikombe viwili na nikaulizia cha tatu. Sitati akaomba sala ndefu. Njiani akaninong'oneza, "Boss, mgonjwa gani anainua sufuria ya watu wanne?" Nikaona ana hoja, nikaandika kwenye ripoti: "Amepatikana amesimama, anapika, anacheka."

Sasa meneja wa wafanyakazi amemwita Winrose kikao Alhamisi kwa kosa la kudanganya ugonjwa, na shahidi ni mimi. Ana watoto wawili na hana mwingine wa kumsaidia. Nikinyamaza, anafutwa. Nikisema ukweli, mpango wangu unazikwa mbele ya mabosi, na ile nafasi ya umeneja msaidizi niliyokuwa nainusa itaenda kwa mtu mwingine. Nifanye nini?

Supavaiza Mwombezi, Naivasha

*

Supavaiza, jina la Winrose nimelibadilisha, na jibu hili nimekutumia kwa simu kabla ya kulichapisha kwa sababu Alhamisi haitangoja gazeti.

Nakuhurumia kidogo. Ulitaka watu waje kazini, na hilo si dhambi. Lakini ulijipa kazi ya daktari ukiwa umeshika kikombe. Nimekuwa ripota muda wa kutosha kujua kwamba mtu akiinuka kupokea wageni, kilichothibitika ni malezi yake. Uliona mwanamke akishika ukuta, ukamwona akishika kiuno, na vyote viwili ukaviacha nje ya ripoti. Umeniandikia mimi, nisiyekujua, kwa ukamilifu zaidi kuliko ulivyomwandikia mwajiri wako. Hapo ndipo kosa lako lilipo, na hapo ndipo utaanzia kulirekebisha.

Leo hii andika ripoti ya pili. Taja ukuta, taja kiuno, sema alikuwa amelala mlipofika na kwamba aliinuka kwa sababu yenu. Usitie maneno ya kanisani wala kujilaumu ukurasa mzima, hakuna anayefutiwa mashtaka kwa machozi ya shahidi. Mpe meneja wa wafanyakazi, na nakala umpe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kisha umwombe nesi aeleze kikaoni kwa nini alitoa ruhusa ile. Yeye ndiye aliyeupima mgongo. Wewe ulionja chai.

Kabla ya Alhamisi, ingia chumba cha baridi ubebe zile ndoo mwenyewe, si moja ya kupigia picha, bali zamu yote ya asubuhi ukipata ruhusa. Ukimaliza utajua kwa nini watu wako wanaugua. Kisha wapelekee mabosi hesabu ya hasara, maana huruma hawatainunua: vibarua wa getini, maua yaliyorudishwa, meza iliyolala na homa, yote wanayalipia tayari. Waombe troli za kubebea ndoo, meza zilizoinuliwa, na zamu za kubadilishana ili mtu mmoja asibebe kutwa. Anayepona apewe kazi nyepesi kwanza, kwa kauli ya nesi au daktari. Anayekohoa abaki nyumbani na asitembelewe na mtu yeyote wa ofisini. Sheria inataka muwe na kamati ya usalama na afya kazini, na kama yenu ipo kwa jina tu, ifufueni, mumweke ndani mtu anayebeba ndoo.

Kuhusu umeneja msaidizi, huenda ukaukosa. Sitakudanganya kwamba wakubwa hupenda mtu anayekiri mpango wake umewagharimu. Lakini ukiupata kwa kumwacha mwanamke huyu afutwe, kila unayemsimamia atajua, na hakuna atakayekwambia tena anaumwa wapi. Utasimamia watu usiowajua.

Alhamisi omba uzungumze wa kwanza, kabla Winrose hajaulizwa chochote. Na usingoje siku hiyo ifike. Nenda sasa ukamwambie Winrose utakachosema, umwambie ukiwa umesimama mlangoni, ukatae kuingia, na umwombe azungumze nawe akiwa amelala.