Mbwa Aliyekataa Kwao

Temeke,
Jumatatu, 14 Julai 1952

Dada yangu mpendwa Filomena,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na migomba imesimama tena baada ya ule upepo ulionieleza. Mie sijambo, ukiondoa tumbo, ambalo sasa hunitangulia kuingia kila mlango.

Baada ya salamu, nakutangazia rasmi, na ukipenda uwasomee majirani: nyumbani kwangu sasa tupo wawili. Usianze kutafuta kitenge cha harusi. Ni mbwa.

Mwenye nyumba wangu, Bi Mahfudha, hakufurahi. Kwa dini yao mbwa akilamba chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na huyu wangu wiki iliyopita alilamba sufuria ya watu uani. Bi Mahfudha akaiosha kimya mpaka mara ya saba, ndipo akaniambia kwamba hana ugomvi na mie, ila Ijumaa ijayo isimkute mbwa pale. Kama siwezi kumtoa, tutoke sote.

Nikajitia mwanachuoni. Nikamweleza nilichosikia kwa daktari wa mifugo, pale ofisini ninapoandika vyeti vya ng'ombe: kwamba mbwa ni damu moja na mbwa mwitu wa nchi za baridi. Zamani hao walisogelea moto wa watu kwa ajili ya mifupa, wakazoea, wakabaki. Nilidhani atamheshimu kwa ukoo wake. Yeye akauliza kama wale mbweha wanaolia vichakani kule Ubungo nao ni jamaa zake. Nikasema ni binamu wa mbali. Akasema basi kheri, nimpeleke kwa binamu zake, kiumbe asizeekee ugenini. Dada, nikadhani umemwandikia wewe, unayenihimiza kila barua nirudi nyumbani.

Jana baada ya misa nikampeleka. Jua lilipoteremka mbweha wakaanza kulia. Akasimamisha masikio, mwili mzima ukamtetemeka, akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Kisha tukarudi.

Bi Mahfudha alitupokea mlangoni kafunga mikono kifuani. Nikamwambia mbwa amekataa. Kawasikia jamaa zake, na bado kanifuata mie. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akasema aliyeacha ukoo wake kwa ajili ya mtu hafukuzwi, nimjengee banda nyuma ya ua, mbali na mitungi. Leo asubuhi kamtupia kichwa cha samaki, huku akimwita mkana kwao.

Kila mara unaniuliza naishije huku peke yangu, nami hukujibu kwa mzaha. Tangu mke wangu Benedicta afariki, Dada, hakuna wa kuniambia hata kwamba chumvi imezidi. Mbwa huyu ndiye ninayezungumza naye Kihaya. Humsimulia mambo ya ofisini, naye hunitazama usoni mpaka nimalize.

Kwa hiyo lililotokea Ubungo nakwambia wewe, maana Bi Mahfudha siwezi. Mbwa hakukataa. Alivuta kuelekea vichakani kwa nguvu zake zote, akavuta mpaka kamba ikanichubua kiganja, na mie sikumfungua.

Nisalimie shemeji Theonest na wote wanaonikumbuka hapo nyumbani. Mwandiko uuvumilie, ni mkono huohuo.

Mdogo wako,
Adelard