Dirisha Katika Jina la Baba

Maskati

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Mwambie dada Zena akusomee hizi herufi za Kizungu pole pole, asiruke mistari kama anavyoruka sufuria asizotaka kuosha. Magoti yako yaendeleaje? Na usingizi, waupata? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia tangu tulipomzika baba. Nasema tulipomzika, nami sikuwako.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Swaleh mwanangu, mbona jina la babako kaburini lina dirisha?" Nikasingizia mtandao, nikakata. Leo nakujibu.

Wajua baba alivyousia: jiweni liandikwe jina alilopewa na mji, Omari Mpishi, kwa herufi za Kiarabu, vile alivyoliandika mwenyewe. Likizo nilinyimwa, udongo sikumtilia, basi nikasema jina hili nitaliandika mimi. Si ndiyo kazi yangu hapa dukani, kuandika mabango na kadi za harusi za watu nisiowajua? Nililiandika kwa kompyuta huku nalia, nikalituma kwa fundi wa mawe pale Malindi.

Sasa sikiliza, mama. Kompyuta haijui herufi. Kila herufi imepewa namba yake, na mashine hupelekeana namba tu. Ile inayopokea ndiyo hutafuta umbo la kuchora. Namba ya pe ya baba, ile ya Mpishi yenye nukta tatu chini, ilifika salama. Lakini mashine ya fundi ni kongwe, imewekewa herufi za Waarabu peke yake, na Waarabu hawana pe. Ilipokosa umbo ikachora kisanduku kitupu. Fundi naye ni mwaminifu kupita kiasi. Alidhani ni pambo nililoagiza, na kwake jina la marehemu halipunguzwi wala haliongezwi, akakichonga kisanduku kwa pembe zake zote nne. Simlaumu.

Zena kanambia Ami Faraji alipokiona alisema, "Muacheni nduguyangu, hilo dirisha la jiko lake, atuchungulie kama pilau imeiva." Nilicheka, mama. Kisha nikaingia stoo ya karatasi nikalia mpaka tajiri wangu akaniita.

Linaloniuma ni wewe. Hilo dirisha hadi leo umelisikia tu, lakini karibu utatoka eda, na najua safari yako ya kwanza itakuwa kwake. Sitaki ufike ukute jina la mumeo lina tundu. Fundi amekubali kulisawazisha jiwe achonge upya, ila ataka aandikiwe herufi ile kwa mkono, aifuatishe. Nilijaribu. Niliandika pe karatasi nzima, zote zikatoka za dukani, nyembamba, hazina ule mkia baba aliokuwa akiukunja. Alinifunza herufi kwa kipande cha mkaa nyuma ya sinia, na leo vidole vyangu vyajua vitufe tu. Niliona haya peke yangu.

Wewe mkono wake unao. Alikufunza wewe kabla yangu, kwenye sinia lile lile. Chukua mkaa, mama, uiandike hiyo pe kwenye karatasi nyeupe, Zena ampelekee fundi. Usijali ikitetemeka.

Nisalimie Ami Faraji, ambaye sasa ndiye baba yetu, na jirani yetu Bi Rukia anayekuletea uji kila asubuhi, Mungu amlipe. Zena mwambie nimemsamehe kwa zile sufuria.

Bado neno moja. Ukishaukunja mkia, usiziweke nukta upesi. Zile tatu za chini niwekee mimi. Weka moja, unitaje jina. Weka ya pili, unitaje. Na ya tatu vivyo hivyo. Waliokuwako walimtilia baba konzi tatu za udongo kila mtu. Hizo ndizo zangu.

Ni mimi mwanao, niliye mbali na mlango wako,
Swaleh