Nimempiga Mzee Mkono

Alhamisi

Nimempiga mzee mkono. Mimi, ambaye hata darasani sikujibu swali bila kuitwa jina.

Alileta televisheni yake bapa isiyowaka kwenye karakana ninakojifunza ufundi. Fundi Deo, mwalimu wangu, akaijaribu kwenye umeme, akaichomoa, akafungua mgongo, kisha akatoka kuazima balbu duka la jirani. Aliniachia agizo moja: "Kapasita, hivi vikopo vinavyotunza umeme, bado zina umeme. Asiguse mtu."

Mzee akainama, akanyoosha kidole. "Moshi ulitokea hapa, mjukuu wangu."

Nilitakiwa kusema usiguse. Lakini nilikuwa sijamwamkia, na kwetu mtoto hamkatazi mkubwa kabla ya salamu. Nikaanza shikamoo. Kidole kikazidi kushuka. Nikakipiga kofi.

"Unanipiga?"

"Ndiyo, babu."

"Kwa nini?"

"Ina umeme."

"Umeme upi? Si imechomolewa? Waya huu hapa!"

Nikauziba ubao wenye kapasita kwa mwili wangu.

Fundi alirudi. Akagusisha nyaya za balbu kwenye miguu ya kapasita. Balbu ikawaka, ikafifia, ikazimika.

Mzee akamgeukia Fundi. "Sasa naweza kugusa?"

"Sasa unaweza," Fundi akasema.

Hakugusa. Alitia mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti, akakaa hivyo hadi alipoondoka.

Tatizo ni kwamba anasali jumuiya moja na mama, na Jumamosi watakutana. Kesho asubuhi nitamwambia mama mwenyewe. Nitaanza na balbu, halafu ndipo nifike kwenye kofi.