Wale Uliowapa Kuku

Jumatatu, 4 Novemba
Nimefagia kumbikumbi barazani tena. Mvua ikinyesha hapa Bahati wanajaa mpaka mlangoni. Karai zima nimewamwagia kuku. Mama mkwe alikuwa dirishani akiniangalia.

Uji ameacha. Yai ameacha. Tangu atoke wodini ni hivyo tu. Daktari alisema kilo zikizidi kushuka anarudishwa, alishwe kwa mpira wa puani. Kliniki ni wiki ijayo. Baba Imani anasema tumpe mama yake muda. Si yeye anayemwaga chakula kila jioni.

Jumatano, 6 Novemba
Nimemuuliza kwa hasira. Mama, sasa unataka kula nini? Akanyoosha kidole barazani.

"Wale uliowapa kuku."

Ghai! Nimesikia aibu, halafu kinyaa. Najua kwao Bungoma wanawala. Miaka hii yote hajawahi kuwaomba katika nyumba yangu, na mimi sijawahi kumuuliza. Kwetu Dundori mdudu akiingia mdomoni ni bahati mbaya.

Alhamisi, 7 Novemba
Mvua imekatika, kumbikumbi hawatoki. Nimeshuka Nakuru sokoni, nikapata waliokaushwa. Muuzaji ni mama wa magharibi, upande huo huo wa Bungoma, alinichangamkia kama dada yake. Nimewafunga na gazeti, juu yake leso, nisikutane na mtu wa kanisa.

Kufika nyumbani, simu. Maitu, mama yangu mzazi, anakuja Jumapili kumjulia mgonjwa hali. Huyu ndiye aliyesema siku ya ruracio, mahari yangu ilipoletwa, mbele ya shangazi zangu wote, kwamba naenda kulishwa wadudu.

Nikakumbuka biskuti za nyenje tulizopewa kwenye semina ya chama chetu cha akina mama. Watu walikula na kuongeza, kwa sababu hakuna aliyeona mguu. Basi nimepeleka nusu ya kumbikumbi kwa mashine ya posho, wasagwe pamoja na wimbi. Mwenye mashine akauliza, mathe, hii ni nini? Nikasema omena, dagaa wa kuku. Nimejiona mjanja sana.

Ijumaa, 8 Novemba
Mama mkwe amenusa uji wa unga ule. Akakoroga. Akaonja kijiko kimoja, akaweka kikombe chini.

"Mbona umewaficha?"

Nikasema ni ili mtu asione kinyaa. Akauliza ni nani huyo, maana kwenye kitanda yuko peke yake. Amegeukia ukuta.

Nimekasirika kweli. Nimetembea soko lote nikiwa nimeziba pua, nimedanganya mtu, na bado nimekosea!

Jumamosi, 9 Novemba
Hajala. Hata chai amekataa. Midomo imepasuka. Baba Imani amelia bafuni akifikiri maji ya bomba yanamficha.

Naogopa. Naona aibu pia. Mama amejua chakula chake kinanitia haya, na yeye pamoja nacho.

Jumapili, 10 Novemba
Maitu amekuja na maziwa na viazi. Nimepika mukimo, viazi vya kuponda, na ugali wa Mama. Halafu nimetoa ile nusu iliyobaki, nikaikaanga bila mafuta, chumvi kidogo. Harufu imejaa nyumba nzima. Nimewaweka kwenye sahani ya arusi, katikati ya meza, miguu na vichwa vyote vikionekana.

Maitu akauliza ni nini hii. Nikasema ni kumbikumbi, chakula cha mama.

Mama mkwe ametoka chumbani mwenyewe, ameshika ukuta. Ameketi. Amemega ugali, akachota. Mara ya pili. Mara ya tatu. Maitu ameziba pua na kitambaa, akarudia maneno yale yale ya siku ya ruracio, neno kwa neno.

"Maitu, kula viazi," nikamwambia.

Sijawahi kumjibu hivyo maishani. Ameondoka kabla ya chai, hata mkono hakunipa. Nimeosha vyombo nikilia. Sahani ya Mama ilirudi tupu.

Alhamisi, 14 Novemba
Kliniki. Kilo hazijapanda, lakini hazijashuka. Harudi wodini.

Maitu hajapiga simu. Nimempigia mara mbili, hakushika.

Jioni mvua imenyesha, kumbikumbi wakatoka. Ufagio nimeuacha nyuma ya mlango. Mama ameketi barazani, blanketi mabegani, ananionyesha kung'oa mabawa bila kupasua tumbo. Mimi bado sijala hata mmoja, na sidhani nitakula. Hajaniambia nile. Mabawa yamenijaa kwenye aproni.

Kuku wamejipanga kwenye ua wakingoja. Leo hawapati.