Mashine ya Kunyolea ya Baba

Baba,

Shikamoo. Habari njema ni kwamba nimejifungua mtoto wa kiume, na jina nimempa lako. Habari mbaya ni kwamba mwanao mkubwa, Kaka Ramadhani, bado ni mpumbavu.

Unaikumbuka mashine yako ya kunyolea, ile ya chuma, ukizungusha kitako inafungua milango miwili unatia wembe. Wajukuu wote uliwanyoa nayo nywele za tumboni siku ya saba, hapa hapa uani Kasingirima. Ulipoondoka ilikaa dirishani miezi minne, ikashika kutu, milango ikagoma. Nikasema na huyu atanyolewa kwayo, hata kama wewe hupo.

Siku ya nne Kaka akaingia kutoka Dodoma, saa kubwa mkononi. "Lete hapa, hiyo kazi ya wanaume." Unajua alichofanya? Aliipaka mawese! Mtu aliyekulia Kigoma, anayejua mawese yakipoa yanaganda, akaipaka kama anakaanga dagaa. Ilipozidi kugoma akaikaza kwa plaizi mpaka kitako kikachubuka. "Takataka tu hii. Nitamnunulia ya umeme." Cheo anacho, akili sijui aliisahau stendi ya Mwandiga.

Nikamnyang'anya. "Chuma hakikaripiwi," ulikuwa ukiniambia cherehani yangu ikikwama. Nikailoweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaisugua kwa mswaki mkuukuu, nikadondoshea mafuta ya cherehani, nikaiacha ilale. Asubuhi nikaanza upya. Kaka amekalia kiti chako, anakunywa chai yangu, anacheka: "Fundi nguo kawa fundi wembe!" Nikaendelea kusugua. Ningemjibu, hasira ingenikausha maziwa.

Siku ya sita mlango mmoja ukaachia, kisha wa pili. Ndani kulikuwa na sabuni iliyoganda, na kwenye ile sabuni zilikuwamo ndevu zako. Nyeupe, fupi fupi. Nikazishika kiganjani. Baba, nilitamani niifunge tena.

Siku ya msiba nililia wanipe nikuoshe. Wakaniambia mtoto wa kike haoshi baba yake. Sawa, hiyo nilielewa. Wakamwita Kaka. Akasema ana simu ya kazini, akatoka nje, akarudi umeshavikwa sanda. Waliokuosha ni majirani. Hilo sijamsamehe, Baba. Haya ya mawese ni kisingizio tu.

Basi siku hiyo ya sita, kwenye hizo ndevu, nilikuosha mimi. Kwa mswaki, kwa maji ya uvuguvugu, polepole, nikianzia upande wa kulia kama aoshwavyo maiti. Kaka akasogea, akaona nilichoshika, kicheko kikamkatika. Akanyoosha mkono kuomba naye aoshe. Nikamwambia, "Wewe pokea simu."

Kesho yake nilimnyoa mtoto mwenyewe. Hakuamka hata kidogo. Ndevu zako nimezizika pamoja na nywele zake, chini ya mchikichi wa uani.

Lala salama, Baba yangu. Mashine nitaitunza, naapa. Kaka haigusi mpaka siku atakayokuja kukaa kaburini kwako, simu ameiacha nyumbani, akuombe radhi mpaka amalize. Akirudi hapo nitamkalisha uani, nimnyoe kile kidevu chake, na sitamkata.

Mwanao,
Mwajuma