Mesaji ya Bernadette Ilienda Kpandroma

Bunia, siku ya ine, mangaribi. Mvua imekatika, matope imebakia.

Jambo yenu, ndugu na dada munaosoma hapa. Muko wazima? Watoto waliamuka vizuri? Kama kuna mugonjwa mu nyumba, Bwana amuguse. Miye mwili uko muzima, lakini moyo unachemuka tangu asubui. Naandika mbele ya kuomba, juu nikiomba na hasira hii nitamuchokesha Mungu.

Munajua kazi yangu: ninagawa dawa ya kifafa ku depo ya kanisa, hapa Bunia. Depo zingine ziko Aru, Mambasa na Kpandroma. Zamani mugonjwa alikuwa anakuja tu na muguu wake. Sasa walituletea mashini. Vidonge vikikaribia kuisha, mugonjwa anatuma mesaji ku namba moja ya bure. Mashini inakaa katikati, inasoma, inachagua depo, inapeleka mesaji kule. Depo inatayarisha dawa na kumuita. Wagonjwa waliambiwa kwa ukali: usikuje bila kuitwa.

Leo Bernadette amekuja bila kuitwa. Tulijuana ku mikutano ya wamama wa kanisa. Wakati wa fujo alikimbia kutoka Kpandroma na watoto wake, na sasa analala mu kambi hapa hapa Bunia, karibu sana: unaenda na kurudi, maharagi bado ku moto. Alikuwa amebeba binti yake Rachel mu mugongo, mutoto mukubwa hivyo, mukono umefungwa na kipande cha kitenge.

Vidonge viliisha. Kifafa kikamuangusha Rachel karibu na moto. Mukono umeungua mupaka ku kiwiko.

Nikamuuliza kwa nini hakutuma mesaji. Akanionyesha telefone. Alituma, akarudilia, akarudilia tena. Kila mara jibu ni lile lile: "Mesaji yako imefika. Asante. Ungojee kuitwa."

Akangojea. Ni mutu wa kutii.

Na dawa ya mutoto ilikuwa ku etajeri, ku mbao za kupangia dawa, nyuma ya kichwa changu.

Niliwasindikiza ku hospitali, kisha nikaenda ofisi ya Patrick, kijana anayechunga ile mashini. Akanipatia kiti. Sikukaa.

"Mama Jeannine, mashini haina kosa," akasema. "Mesaji ilifika."

"Ilifika wapi?"

"Mu kisanduku ya mesaji ya depo ya Kpandroma. Kanuni ni hiyo: namba ikiandikishwa Kpandroma, mesaji inaenda Kpandroma."

"Depo ile imefungwa tangu watu walikimbia! Nani aliisoma, panya?"

Akacheka kidogo. Akaona uso wangu, akaacha.

Muniambie, mu Ituri hii, nani bado analala pale namba yake iliandikishwa? Wanasema amani imerudi. Labda. Watu hawajarudi. Mutu anakimbia na mutoto, chungu na telefone. Namba inabakia ya Kpandroma, mwenyewe iko Bunia, juma lingine iko Mambasa kwa shemeji. Na mashini inaendelea kupeleka kilio chake ku nyumba yenye kufuli.

Nikamuuliza: mesaji moja haiwezi kwenda ku depo mbili? Kpandroma, na pia pale mutu anasema iko? Na kama hakuna mwenye kuifungua, iende kwa wote?

Inaweza. Akasema hata si kazi nguvu. Lakini wakubwa waliogopa depo mbili zitatayarisha dawa ya mutu mumoja, na hiyo ni kupoteza. Kugeuza kanuni kunangojea mukutano wao.

Kupoteza! Mufuko moja wa vidonge unawaogopesha kuliko mukono wa Rachel.

Nikasema anifungulie ile kisanduku. Akageuza kioo cha ordinateri yake nisome. Mesaji juu ya mesaji. "Dawa imeisha." "Mama anaanguka kila siku." "Bado nangojea." Zote zimejibiwa asante.

Siye ku depo, ukimya wa Kpandroma tulikuwa tunauona kama baraka: tulizani wagonjwa wa kule wako na dawa. Tuliushukuru mu sala ya asubui. Bwana anisamehe.

Patrick hana roho mubaya. Hakungojea ruhusa ya mutu, alianza kupiga zile namba mbele yangu. Moja ilijibu, muzee mumoja, sauti ndogo. Zingine zimezimika. Mu kambi, watapata wapi moto wa umeme wa kuchaji telefone?

Kesho, Mungu akipenda, napita hema kwa hema na dawa mu kikapo. Lakini siwezi kufika Mambasa wala Aru. Weye unayesoma, kama uko na mutu wa Kpandroma pembeni yako mwenye kunywa dawa ya kifafa, umuulize leo kama vidonge bado viko. Akisema anangojea kuitwa, umuambie hakuna mwenye kumuita. Uniandikie hapa chini jina lake na fasi analala: kambi gani, hema gani.

Tafazali, ujibu upesi.