Viatu Mkononi

Stechford, Jumanne usiku

Angalau yule mzee angejifanya hakuona!

Mchana nilikuwa natoka dukani na mama mkwe, mvua imetoka kunyesha. Tulipokaribia nyumba ya mzee mwenzetu wa Unguja, jirani yetu huku ugenini, mama akasimama, akavua viatu, akavishika mkononi.

"Mama, vaa viatu, utaugua."

"Mabwana wapo ndani," akasema, kwa sauti ya kitoto ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Ukoo wa mzee yule ndio uliowamiliki mababu wa mama enzi za utumwa. Bibi yake alimfunza asipite na viatu mbele ya mlango wao. Alishaliacha hilo miaka mingi. Sasa kila kitu kinamtoka kichwani, na hilo ndilo limerudi.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Nilitarajia aone haya. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepokea salamu aliyokuwa akiisubiri.

Jioni binti yangu Salma alikuwa anasoma historia ya Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watumwa walioachwa huru walipiga kura, wakaingia bungeni, kisha mabwana wa zamani wakarudi madarakani. Akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, mbona walirudi kirahisi vile.

Nikamwambia aendelee kusoma.

Sikumwambia kwamba tulipofika nyumbani soksi zangu nazo zilikuwa zimelowa, na viatu vyangu nimevishika mkononi. Na mimi hakuna aliyenifunza.